Hesabu ya Jicho na Hesabu ya Sikio: Vipimo, Fedha na Daftari katika Bonde la Kilombero

Wataalamu wa nchi mbalimbali wamejishughulisha kwa miaka mingi sasa na elimu ya kuzigeuza namba za fedha kuwa picha na sauti, ili jicho na sikio vipate kutambua mwenendo ambao safu ndefu za tarakimu huuficha. Mwaka wa 1992 wataalamu wa sauti na wa kompyuta walikutana Santa Fe, Marekani, kwa mwito wa Gregory Kramer, na katika mkutano huo ulianza umoja wa wanaoshughulikia jambo hili duniani. Yaliyozungumzwa huko yalihesabiwa kuwa mapya. Walakini mtu akiyachungua maneno ya biashara katika Kiswahili, na akiifuata historia ya mahali pamoja tu, ataona kwamba jicho na sikio vilikuwa wakaguzi wa mali muda mrefu kabla ya kompyuta, na kabla ya daftari pia.

Mahali panapofaa kwa uchunguzi huu ni Ifakara na bonde la Kilombero. Hapo mkulima amepitia, katika muda usiozidi miaka mia na hamsini, kipimo cha kibaba, rupia ya fedha, kipande cha kazi, mizani ya chuma, cheti cha kiwanda na ujumbe wa simu. Katika kila hatua swali lilikuwa moja: je, hesabu ya mali yake ilikuwa wazi kwake kama ilivyokuwa wazi kwa yule anayemlipa? Makusudi ya makala haya ni kulifuata swali hilo.

I. Ushahidi wa maneno

Maneno ya biashara katika Kiswahili yametoka pande nyingi, na kila neno limebeba alama ya njia liliyopitia. Hesabu na mizani ni ya Kiarabu. Daftari limekuja kwa Kiarabu na Kiajemi, na wataalamu hulifuatisha hadi neno la Kiyunani lenye maana ya ngozi iliyotayarishwa. Rupia, pesa na hundi zimetoka Bara Hindi. Sarafu ni neno la Kiarabu, na asili yake ni kazi ya kubadili fedha. Hela ni jina la sarafu ndogo ya Wajerumani, Heller. Sarafu yenyewe imekwisha kutoweka, lakini jina limebaki katika vinywa vya watu wa Tanzania likiwa na maana ya fedha yoyote.

Katika maneno haya yamo yanayohusu sauti. Mnada umetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kuita, na kunadi ni kuitangaza bidhaa kwa sauti. Bei ya mnada huzaliwa hadharani, ikasikiwa na wote waliohudhuria. Mnunuzi asiyesema hana bei. Kwa upande mwingine yapo maneno ya jicho. Kukagua ni kutazama kwa uangalifu, kama mtu akaguavyo shamba lake asubuhi. Kwa hiyo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa maana ya neno lenyewe, ni mtu wa kutazama. Inafaa kulinganisha na lugha za Ulaya. Huko jina la kazi hiyo hiyo limetokana na neno la Kilatini audire, kusikia, kwa kuwa zamani hesabu za mabwana na za wafalme zilisomwa kwa sauti mbele ya wasikilizaji ambao kazi yao ilikuwa kusikia kosa lilipo. Waingereza waliikabidhi kazi hiyo kwa sikio. Waswahili wakaikabidhi kwa jicho.

Neno jingine la kuangaliwa ni fungu. Fungu ni sehemu ya vitu iliyotengwa na kuwekwa mahali pake: fungu la samaki sokoni, fungu la nyanya, na baharini fungu la mchanga linaloonekana maji yakitoka. Neno hilo hilo ndilo linalotumika Bungeni Dodoma kwa sehemu za bajeti ya Serikali, kila wizara na fungu lake lenye namba. Muuza samaki hupanga mafungu yake juu ya meza ili mnunuzi alinganishe kwa kutupa jicho mara moja. Mafungu ya bajeti hayalinganishwi hivyo, maana yamekuwa tarakimu katika kitabu kinene. Jina limesafiri kutoka sokoni mpaka Bungeni, lakini meza ya samaki haikusafiri nalo.

Methali nazo zina ushahidi wake. Wasemao kwamba haba na haba hujaza kibaba wanatoa picha ya akiba inayopanda ndani ya chombo, hata mtu akaona ilipofika. Na wasemao kwamba mali bila daftari hupotea bila habari wanaisifu karatasi. Lakini sifa hiyo imehifadhiwa kwa vina, daftari na habari, ili ikae katika sikio la mtu asiyekuwa na karatasi.

II. Bonde na vipimo vyake

Mto Kilombero, ambao sehemu nyingine huitwa Ulanga, unapita kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Ukiungana na Luwegu hufanya mto Rufiji. Wakati wa masika maji hutapakaa katika bonde pana, na yakipungua huacha udongo unaofaa sana kwa mpunga. Wakazi wake wa kale ni Wandamba, wavuvi na wapiga makasia. Pamoja nao wako Wabena wa mtoni, Wambunga na Wapogoro. Ifakara, uliokua karibu na kivuko cha mto, ndio mji wa soko la bonde zima.

Mahali ambapo maji hupanda na kushuka kila mwaka, watu hujifunza mapema kuusoma mwenendo wa mambo. Mpunga huwa mwingi baada ya mavuno ya katikati ya mwaka na huadimika kabla ya mavuno mengine. Mkulima hahitaji kuonyeshwa grafu ili ajue kwamba bei ya mchele huufuata wingi na uhaba huo. Ghala lake ni grafu: kimo cha mpunga uliobaki, kikilinganishwa na umbali wa mavuno yajayo, humweleza kama auze au angoje.

Vipimo vya zamani vilikuwa vya ujazo, yaani vya jicho. Pishi moja ni vibaba vinne, na kibaba kimoja cha nafaka kilikuwa na uzito wa karibu pauni moja na nusu. Vitu vya thamani, kama pembe za ndovu zilizopelekwa pwani, vilipimwa kwa frasila, ambayo ni karibu pauni 35. Lugha ilitofautisha kipimo kilichorundikwa na kipimo cha mfuto, ambacho nafaka yake imesawazishwa na mdomo wa chombo. Tofauti hiyo ilikuwa chanzo cha ugomvi mwingi, lakini ulikuwa ugomvi wa wazi. Muuzaji na mnunuzi walikitazama chombo kimoja, na mkono uliopita juu ya mdomo wake ulionekana na wote wawili. Pishi ziliwezwa kuhesabiwa kwa sauti kila moja ilipomiminwa, na aliyesimama mbali akasikia kama namba imerukwa.

Kasoro za vipimo hivi hazifai kufichwa. Pishi ya mahali pamoja haikulingana sawasawa na pishi ya mahali pengine, na chombo kiliweza kutengenezwa kidogo makusudi. Jicho hudanganywa. Hata leo, kilo zimekwisha kuenea nchi nzima, wakulima wa mazao wanaijua lumbesa, yaani gunia lililoshindiliwa na kuongezwa kichwa juu kwa kushonewa, kisha likahesabiwa kuwa gunia moja. Sheria ya vipimo inaikataza, na Wakala wa Vipimo huipiga vita. Nayo huendelea kwa sababu muuzaji mwenye haja ya fedha wakati wa mavuno huona ziada ile kwa macho yake na asiweze kuikataa. Kuiona hesabu ni mwanzo tu wa haki.

III. Mlio wa fedha

Mwaka wa 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilianza kutoa rupia yake, iliyogawanywa kwa pesa 64. Mwaka wa 1904 mgawanyo huo ulibadilishwa, rupia moja ikawa hela 100. Katikati ya miaka hiyo, mwaka wa 1898, ilianza kodi ya nyumba. Kodi hiyo ililazimisha watu wa bara kutafuta sarafu hata kama hawakuwa na haja nayo katika maisha yao ya kila siku. Waliokosa walilipa kwa kazi. Katika sababu nyingi za Vita vya Maji Maji, kodi na kazi za kulazimishwa hutajwa daima. Vita hivyo vilifika bonde la Kilombero, na tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge.

Rupia ya fedha ilikuwa kitu kigeni, lakini ilikuwa na sifa moja iliyomfaa mtu asiyejua kusoma: ililia. Wabadili fedha wa Bahari ya Hindi walikuwa na desturi ya zamani ya kuigonga sarafu na kuisikiliza. Fedha safi hutoa mlio mrefu ulio wazi. Sarafu ya bandia yenye risasi hutoa mlio mfupi uliofifia. Hiyo ndiyo elimu ya kutambua kwa sauti ukweli wa mali, na haikuhitaji shule. Mwenye sikio zuri alikuwa sawa na karani wa boma.

Vita Kuu ya Kwanza viliivunja elimu hiyo. Wajerumani walipozingirwa na manowari za adui walipungukiwa na sarafu, wakachapa noti za muda humu nchini, na baadhi yake zilikuwa karatasi hafifu zilizopigwa chapa kwa herufi za mpira. Mahenge ilibaki mikononi mwa majeshi yao mpaka Oktoba 1917. Noti haina mlio, na thamani yake imo katika ahadi ya aliyeitoa. Vita vilipokwisha serikali iliyoahidi haikuwapo tena nchini kulipa. Wenye karatasi zile walijifunza kwamba kuna mali isiyoweza kupimwa kwa jicho wala kwa sikio.

Chini ya Waingereza ilikuja shilingi ya Afrika ya Mashariki, mwaka wa 1921, iliyotolewa na Bodi ya Fedha iliyokuwa London. Shilingi hiyo ilikuwa na robo tu ya fedha safi ndani yake, na kuanzia mwaka wa 1948 ilifanywa kwa shaba na nikeli bila fedha hata kidogo. Senti ndogo zilitobolewa katikati, hata zikaweza kutungwa katika uzi na kuhesabiwa kwa kupapasa. Tundu lile lilimfaa mwenye senti, lakini mlio ulikuwa umekwisha kupoteza maana. Tangu hapo kweli ya fedha ilikaa katika maandishi, na walioweza kuyasoma walikuwa wachache.

IV. Kipande na mizani

Mfano wa pili ni kipande. Katika mashamba ya wazungu, chini ya Wajerumani na baadaye chini ya Waingereza, kibarua alipewa karatasi ya siku 30 za kazi, na kila siku aliyomaliza kazi ilitiwa alama. Siku hizo 30 aghalabu hazikulingana na mwezi wa kalenda, kwa kuwa siku ya ugonjwa au ya kazi isiyokamilika haikuhesabiwa. Hata hivyo kipande kilikuwa picha. Asiyejua herufi aliweza kuona nafasi zilizojaa na nafasi zilizobaki, akajua umbali wa mshahara wake. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki watu walikuwa wamezoea kuhesabu siku kwa mafundo ya kamba. Kipande kilikuwa kamba ile ile iliyofanywa karatasi, ila kalamu ya kutia alama ilikuwa ya msimamizi peke yake.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kwa karne nyingi hazina ya Uingereza iliandika madeni kwa vijiti vilivyokatwa pengo kisha vikapasuliwa katikati, nusu kwa mdai na nusu kwa mdaiwa. Mapengo ya nusu hizo yalipaswa kulingana, wala hapakuwa na mmoja aliyeweza kuongeza pengo upande wake pasipo kugunduliwa. Matumizi yake yalikomeshwa mwaka wa 1826. Na vijiti vya akiba vilipochomwa mwaka wa 1834, moto wake ndio ulioliteketeza jumba la Bunge la London. Kijiti kile kilikuwa hesabu ya pande mbili. Kipande kilikuwa hesabu inayoonekana na pande mbili lakini inayoandikwa na upande mmoja. Mizani ya mnunuzi mara nyingi ilikuwa chini ya hapo: iliandikwa na upande mmoja na kusomwa na upande huo huo.

Katika nchi ya Wasukuma jambo hili lilizaa siasa. Wakulima wa pamba waliwashuku wanunuzi kwamba mizani yao haikusema kweli, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 vijana waliojua kusoma waliwekwa katika vituo vya kununulia pamba ili waangalie mizani kwa niaba ya wakulima. Kutokana na juhudi hizo, zilizoongozwa na Paul Bomani, vyama vya ushirika vya wakulima vilikua haraka, hata likaundwa shirikisho la Victoria mwaka wa 1955. Kilichotangulia katika mapambano hayo kilikuwa macho ya kijana mmoja aliyesimama mahali ambapo aliweza kuona mshale wa mizani na kuitamka namba kwa sauti.

Katika bonde la Kilombero swali hilo lilifika katika sura ngumu zaidi. Kampuni ya Sukari ya Kilombero iliundwa mwaka wa 1960, na kiwanda cha Kidatu, kwenye mto Ruaha Mkuu, kilianza kazi mwaka wa 1962. Wakulima wadogo wanaokizunguka wameuza miwa yao huko kwa miaka mingi. Muwa haulipwi kwa uzito peke yake. Hupimwa kwanza kwa mizani ya magari, kisha sukari iliyomo hupimwa katika maabara, na malipo hufuata vyote viwili. Uzito mtu anaweza kuushuhudia. Asilimia ya sukari haina mshale anaoweza kuutazama. Tena muwa uliochomwa na kukatwa huendelea kupoteza sukari kwa kila siku unayongoja usafiri.

Basi mkulima aliyepewa cheti kimoja kwa kila mzigo amepewa namba, lakini hakupewa mwenendo. Akiziweka namba hizo kwa mpango, siku ya kuchoma upande mmoja, siku ya kupima upande wa pili na sukari upande wa tatu, kisha akazichora, ataona jambo ambalo cheti hakisemi. Sukari ikishuka kila ngoja inapokuwa ndefu, sababu iko barabarani. Ikishuka hata miwa iliyofika siku ile ile, sababu iko shambani, au katika mbegu, au katika upimaji. Kwa vyeti vilivyotawanyika malalamiko yote hufanana. Kwa mchoro, kila lalamiko hupata mahali pake na mtu wa kulijibu.

V. Bonde machoni mwa wageni

Ni kweli kwamba bonde hili halikukosa kuandikwa. Mwaka wa 1929 ilitoka ripoti ya Telford juu ya maendeleo ya mabonde ya Rufiji na Kilombero. Mwaka wa 1935 A. T. Culwick na mkewe G. M. Culwick walichapisha kitabu chao juu ya Wabena wa mtoni. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipima bonde la Rufiji na matawi yake, na taarifa yake kubwa ilitolewa mwaka wa 1961. Mwaka wa 1968 Jätzold na Baum walitoa kitabu kizima juu ya uchumi wa Kilombero, chenye ramani na majedwali. Mchoro wa namba, ambao William Playfair aliuanza Uingereza mwaka wa 1786 kwa kuonyesha biashara ya nchi kwa mistari inayopanda na kushuka, ulikuwa umefika Ifakara.

Lakini ulifika ukiwa umewageukia wengine. Michoro ile ilichapwa London, Roma na München, kwa lugha za huko, isomwe na waliotaka kujua kama reli italipa au kama mabwawa yatafaa. Reli yenyewe ilikuja baadaye kwa sababu nyingine, ile ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka wa 1970 na 1975, ikapita Ifakara na Mlimba kuelekea Zambia. Aliyelima mpunga aliingizwa katika jedwali, wala hakulitazama jedwali.

Kisha ukaja wakati ambapo hata mchoro wa bei ulinyamazishwa. Katikati ya miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mazao makuu kwa nchi nzima, na mwaka wa 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Nafaka zikanunuliwa na Shirika la Taifa la Usagishaji. Makusudi yalikuwa ya haki, kwamba mkulima wa mbali asiadhibiwe kwa umbali wake. Walakini bei inayolingana katika kila wilaya, na isiyofuata majira ndani ya mwaka, ikichorwa ni mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka hausemi kitu juu ya uhaba wala wingi. Mwenendo wa kweli haukutoweka. Ulihamia katika magendo, ambako bei ilinong’onwa. Masharti yalianza kulegezwa mwaka wa 1984, na bei ya mchele ikarudi kupanda na kushuka hadharani.

VI. Sanduku, simu na elimu mpya

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilianza kuenea Tanzania vikundi vya kuweka na kukopa vya vijijini, vinavyojulikana kwa jina la VICOBA na kwa majina mengine. Mfano wake ulitoka Niger, ambako shirika la CARE lilianza kazi hiyo na wanawake mwaka wa 1991. Utaratibu wake unastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa historia ya hesabu. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu. Katika vikundi vinavyoufuata mfano ule kwa ukamilifu, hisa huandikwa katika kijitabu cha mwanachama kwa kupigwa mihuri, muhuri mmoja kwa kila hisa, hata asiyejua kusoma akahesabu mihuri yake. Fedha huhesabiwa mbele ya wote na kutajwa kwa sauti. Mwisho wa mkutano salio hutangazwa, na wanachama hulishika moyoni. Mkutano ujao huanza kwa wao kulitaja kabla ya sanduku kufunguliwa.

Hapa pishi inayohesabiwa kwa sauti imerudi pamoja na kijiti kilichopasuliwa. Muhuri ni wa jicho, salio ni la sikio, na kumbukumbu ya watu wengi ndiyo nusu ya pili ya kijiti. Katibu akiandika namba nyingine katika daftari, lazima pia aibadili katika vichwa vya wanachama wote.

Fedha ya simu imekwenda njia tofauti. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka wa 2007 na Tanzania mwaka wa 2008, na faida yake kwa mahali kama Ifakara ni kubwa sana, kwa maana ndugu aliye mjini humpelekea mzazi wake fedha pasipo kumtafuta msafiri. Kila muamala una mlio na maandishi. Lakini mlio wa simu hautofautishi shilingi elfu moja na laki moja, wala hausemi kama akiba ya mwezi huu imepungua kuliko ya mwezi uliopita. Rupia iliyogongwa ilisema jambo juu ya thamani yake; simu husema tu kwamba jambo limetokea. Jumbe hizo zote zikikusanywa ni daftari kamili la maisha ya mtu, ila zimepangwa kwa namna inayoyafaa makampuni kuliko mwenyewe.

Ndipo elimu iliyotajwa mwanzoni inapopata maana yake hapa. Jicho ni hodari kulinganisha vitu vilivyo mahali pamoja: kimo na kimo, fungu na fungu. Sikio ni hodari katika mambo yanayofuatana kwa wakati, likagundua mara moja pigo la ngoma lililochelewa. Kuzipa namba sauti ni kuifanya kila namba kuwa noti ya muziki, kubwa iwe juu na ndogo iwe chini, kisha kuzisikiliza kwa mfululizo. Malipo ya mwaka mzima huweza kusikika katika muda mfupi, na mwezi uliokosekana ukasikika kama pengo katika wimbo. Jambo hili huwafaa wasioona, na huweza kuwafaa wasiosoma.

Asemaye kwamba mambo hayo ni ya mbali na yautazame mji wa Ifakara wenyewe. Maabara ndogo iliyoanzishwa huko na Rudolf Geigy wa Basel katika miaka ya 1950 imekuwa Taasisi ya Afya Ifakara, na tangu mwaka wa 1996 takwimu za kaya za Kilombero na Ulanga zimekusanywa kwa mfululizo. Katika miaka ya karibuni watafiti wake, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oxford, wamerekodi sauti za mabawa ya mbu, na mwaka wa 2021 mkusanyo mkubwa wa sauti hizo ulitolewa kwa wataalamu wa dunia. Sauti hugeuzwa picha, na kompyuta hutafuta ndani yake ruwaza ya kila aina ya mbu. Mji unaojua kumtambua mbu kwa mlio wake haukosi ufundi wa kuzichora bei za mpunga na asilimia za sukari, na kuzisomesha kwa sauti katika mkutano wa wakulima.

Tahadhari ni ile ile ya lumbesa. Mchoro hudanganya ukikatwa chini ili mpando mdogo uonekane mlima, na sauti hudanganya ikikuzwa. Kwa hiyo anayechora asiwe yule yule anayelipa peke yake, na daftari lenye namba zenyewe libaki mahali ambapo yeyote anaweza kulifungua. Historia ya bonde hili yaonyesha kwamba vyombo vya hesabu vilibadilika mara nyingi, na kila mara aliyepata hasara alikuwa yule aliyesikia namba baada ya kuandikwa. Wakulima wa miwa na wa mpunga wa Kilombero wamekwisha kuwa na namba zao, katika vyeti, vijitabu na simu. Kilichosalia ni kuzipanga na kuzitaja mbele ya watu, na kazi hiyo yaweza kuanza msimu huu, kwa kipande cha chaki na ukuta wa ghala.